Mahari ya Kocha

Kumpata kocha mmoja kulikigharimu chuo chetu mbuzi wawili, nusu gunia la mchele wa pilau, debe moja la chokaa, mpira mmoja wa ngozi uliokuwa bado unanukia duka, na heshima yote ya mhasibu. Heshima hiyo haikuwa nyingi, lakini ndiyo aliyokuwa nayo. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahau mbuzi wa pili, nanyi mtaona kwa nini ni rahisi kumsahau.

Nawaandikia nyinyi vijana watano mliokuja kwangu Bongwe Ijumaa baada ya swala, mkakaa barazani, mkanywa chai yangu, mkaniuliza kama ni haki wachezaji wa chuo wawe na kauli katika kuajiri kocha. Mlisema bodi ya chuo chenu inataka kuwaletea mtu msiyemjua, na kwamba neno langu likiandikwa litakuwa na uzito, kwa kuwa sisi tuliyapitia hayo miaka ile uhuru ulipokuwa mpya. Uzito siuahidi. Lakini nilikuwa mtunza uwanja na stoo ya michezo katika chuo hichohicho chenu cha ualimu, huko kati ya Diani na Msambweni, mpaka nilipostaafu, na makocha niliowaona wakiingia na kutoka ni wengi kuliko mipira niliyoizika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, na kibofu ndani, na kamba mdomoni kama kiatu. Ukinyeshewa unakunywa maji, na golikipa akiudaka ni kama amerushiwa nazi. Mzee Mbwana, aliyeniachia ufunguo wa stoo, alinifundisha kuupaka mafuta ya nazi jioni, kwa kitambaa, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja kinajipaka chenyewe kwanza. Alinifundisha kutoujaza pumzi mpaka mwisho asubuhi, kwani jua la adhuhuri litauongezea lenyewe. Na alinifundisha jambo moja kuhusu makocha.

"Usimtazame anapochukua mipira," aliniambia. "Kila mtu anachukua kwa tabasamu. Mtazame anapoirudisha."

Msidhani Mzee Mbwana hakuwa na visa vyake. Alipoagizwa atafute nyavu za goli, alikwenda Gazi kwa jamaa zake wavuvi, akarudi na jarife, ule wavu wa kukamatia papa. Ulikuwa wavu madhubuti, ila kila tundu lake lilikuwa mlango. Katika mechi ya kwanza kijana wetu alipiga shuti, mpira ukaingia golini, ukapita wavuni, ukaenda zake mpaka kwenye migomba. Wageni kutoka Msambweni wakaapa kuwa ulipita nje. Refa akamwita Mzee Mbwana aeleze. Mzee Mbwana akaushika wavu, akauvuta kwa nguvu zake zote mbele ya watu, akasema, "Wavu huu hauna kosa. Papa hapiti." Msambweni mpaka leo hawalikubali lile goli.

Sasa nirudi kwa kocha.

Tulikuwa na kocha Mwingereza, aliyefundisha pia hesabu. Uhuru ulipoingia alifunga mizigo yake, akaja stoo kurudisha vitu. Alirudisha kila kitu isipokuwa filimbi.

"Filimbi ni mali ya chuo, bwana," nikamwambia.

Akaitoa mdomoni, akaipangusa kwa shati, akaninyooshea. "Imekaa kinywani mwangu miaka mingi. Unaitaka?"

Nikaitazama. Nikamwambia safari njema.

Basi bendera ikapanda, filimbi ikaondoka, na timu ikabaki bila kocha. Bodi ikaanza kutafuta mwingine kwa njia zake za kawaida, yaani kila mjumbe aliwatazama ndugu zake mmoja mmoja kuona yupi hana kazi. Wa kwanza kumwona wake alikuwa Bwana Daudi, mhasibu. Alikuwa na shemeji Mombasa, jina lake Faraji.

Lakini Bwana Daudi alikuwa na mpango mwingine juu ya huo wa shemeji, na ndio uliokuwa ukiniondolea usingizi. Korosho wakati ule zilikuwa zinanunuliwa vizuri, naye akiutazama uwanja wetu haoni uwanja, anaona shamba lililolala kivivu. Alikuwa ameshaotesha miche ya mikorosho katika mikebe, akaipanga kwenye ukuta wa stoo yangu, akaniamuru niimwagilie maji. Kwake yeye mambo yalikuwa mepesi: akipata kazi shemeji, heri. Asipopata, timu haina kocha, na timu isiyo na kocha haihitaji uwanja. Na chuo kisicho na uwanja, wanangu, hakihitaji mtunza uwanja. Kila jioni niliimwagilia miche ambayo ikipandwa tu, mimi ningerudi nyumbani. Nami niliimwagilia vizuri. Miche haikuwa na hatia, na mshahara wa mwezi ule ulikuwa bado.

Nahodha wa timu alikuwa kijana wa Gazi aitwaye Nasoro, mwembamba, mwenye mdomo uliotangulia miguu yake, na miguu yenyewe ilikuwa na mbio. Alisikia habari za shemeji. Akaenda ofisini kwa Mkuu wa chuo, na mimi nilikuwa humo nikitengeneza dirisha, kwa hiyo naeleza niliyoyasikia.

"Shikamoo, Bwana Mkuu."

"Marahaba. Sema haraka."

"Bwana Mkuu, sisi ndio tunaokimbizwa. Sisi ndio tunaopigiwa kelele. Hivi tumepata uhuru, au tumebadilishiwa tu mwenye filimbi?"

Mkuu alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, mtu wa bara, mwema, mwenye haraka ya kufanya mambo mapya kabla hayajachakaa. Neno alilolipenda ni uwazi. Alimtazama Nasoro, akacheka.

"Sawa. Mtachagua. Nitawaita watu watatu, watawafundisha siku moja moja, halafu mtapiga kura mbele ya kila mtu, kwa uwazi. Lakini nisikilize, Nasoro. Mkishindwa kupata kocha kufikia Ijumaa ijayo, sitakuwa na neno la kumwambia mhasibu. Uwanja bila kocha ni nyasi tu."

Nasoro alitoka akiruka. Mimi nilijigonga nyundo kidoleni.

Watatu wakaja. Wa kwanza alikuwa huyo Bwana Faraji, mtanashati, viatu vinang'aa hadi unaweza kujinyolea ndevu, aliyefundisha akiwa amekaa kivulini kwenye kiti nilichomletea mimi. Kila alichokiona alisema "Vizuri, vizuri," hata golikipa alipojifunga. Saa tisa alitazama saa, akasema asije akachelewa feri ya Likoni.

Wa pili alikuwa Mwalimu Elia, ametoka masomoni karibuni, na kitabu cha kandanda kwapani. Huyu aliomba ubao. Tukaubeba ubao wa darasani, watu wanne, tukausimamisha katikati ya uwanja, naye akachora mishale mpaka chaki ikaisha. Ilikuwa michoro mizuri mno. Mpira niliompa aliuweka chini ya ubao ili usianguke kwa upepo.

Wa tatu alikuwa Sajini Mwero, Mduruma wa huko Kinango, aliyestaafu jeshini. Alifika kwa miguu, akaupima mwili wa kila mchezaji kwa macho kama mnunuzi wa ng'ombe, kisha akawakimbiza kwenye mchanga mpaka Galu na kurudi. Wawili walitapika. Jioni alirudisha mipira mwenyewe, imefutwa mchanga, akaniuliza, "Huu mmoja kibofu chake kinavuja. Unajua?" Nilikuwa najua. Nilifurahi kuulizwa.

Sasa hapa ndipo lilipofanyika kosa ambalo watu wa kwetu tu ndio wangelifanya, na bado tungelifanya hata leo.

Kabla ya kura, wachezaji walisema haiwezekani wageni watatu watoke walikotoka, watokwe jasho kwa ajili yetu, kisha tukae nao bwaloni mikono mitupu. Wakachanga, wakamwendea Bi Mwanakombo, mpishi mkuu, akachinjiwa mbuzi, akapika pilau. Tukala. Wageni wakashiba, wakasifu, wakaombewa dua. Kisha Mkuu, kwa ule uwazi wake, akawaweka wote watatu kwenye viti vya mbele, wakiwatazama wapiga kura, nao bado wananukia bizari.

"Nani anamtaka Bwana Faraji?" akauliza Mkuu.

Mikono yote ikapanda juu.

Mkuu akatabasamu. Bwana Daudi akatabasamu zaidi. "Kumbe mambo ni rahisi," akasema Mkuu. "Na nani anamtaka Mwalimu Elia?"

Mikono yote ikapanda.

"Ngojeni. Na Sajini?"

Mikono yote. Nilihesabu, nikahesabu tena. Hata wale wawili waliotapika walinyoosha.

Mkuu akavua miwani. "Hamjui maana ya kuchagua? Nahodha! Simama. Umemtaka Faraji?"

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Na Elia?"

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Na Sajini? Wote watatu?"

Nasoro akatazama chini, akawatazama wageni, akasogea karibu na sikio la Mkuu. Akanong'ona, lakini bwalo lile lina mwangwi. "Bwana Mkuu, wameketi hapo. Wamekula kwetu. Utamkataaje mtu usoni na pilau haijamshuka?"

Bwana Daudi akasimama. Alikuwa na kipaji cha kusimama wakati unaofaa. "Kura zimefungana. Kwa hiyo hakuna aliyechaguliwa. Kwa hiyo hakuna kocha." Hakumalizia, lakini mimi nilimalizia kwa niaba yake. Kesho yake asubuhi alikuja stoo, akaomba debe la chokaa, ile niliyoiweka kwa mistari ya uwanja. Sikuwa na sababu ya kumnyima mhasibu. Nilipotoka nje nilimkuta katikati ya uwanja na kamba na vigingi, anatia alama za chokaa mahali pa kuchimba mashimo ya mikorosho. Shimo la kwanza alilipimia palepale pa kuanzia mpira.

Nilikwenda jikoni kunywa chai, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Bi Mwanakombo alikuwa anapepeta mchele.

"Mbona umenuna kama umefiwa?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka ungo ukamyumba.

"Nyie wanaume! Mmeleta wachumba watatu kwa mkupuo, mmewakalisha sebuleni bega kwa bega, mmewalisha, halafu mnamwita binti mnamwuliza, haya, yupi humtaki? Mmeona wapi posa ya namna hiyo?"

"Si posa, Bi Mwanakombo. Ni kura."

"Ni posa. Mtu anakuja kuomba kukaa nanyi na kuwaamuru. Ni posa. Na mchumba usiyemtaka hakataliwi na binti. Hakataliwi na baba. Unamtuma mshenga na mahari. Mahari ikimshinda, amejikataa mwenyewe, na salamu zinabaki palepale."

Nilikunywa chai ile ikiwa ya moto, kitu ambacho sifanyi.

Mimi nimekulia kwenye kuulizana bei. Baba yangu alikuwa hanunui hata kiberiti kwa bei ya kwanza. Kwa hiyo ushenga ulinikaa. Lakini kwanza nilitaka kujua mahari yenyewe, na hapo nikaona faida ya kuwa na stoo. Jioni kila mchezaji hurudisha njumu zake, mmoja mmoja, dirishani. Nikawa nawauliza mmoja mmoja, kana kwamba natafuta tu neno la kupitisha muda, wamewaonaje wale wageni.

Hakuna aliyemsema mtu vibaya. Haikuwezekana. Lakini sikilizeni watu wa pwani wanavyosema.

"Bwana Faraji? Ah, mtu mzuri sana, sana. Ila ningefurahi angekuwa analala hapahapa chuoni."

"Mwalimu Elia ni mzuri sana, ana adabu. Ila siku moja angeugusa mpira, kidogo tu."

"Sajini? Mzuri. Ila angekimbia na yeye."

"Sajini mzuri, ila Ijumaa atuachie, mzee. Jamani, mtu unafika msikitini miguu inatetemeka, unarukuu unashindwa kuinuka."

Mnaona? Neno "sana" likizidi, jihadhari. Sajini peke yake ndiye aliyeitwa "mzuri" bila nyongeza. Hawa vijana walikuwa wanajua hasa wanachokitaka. Walichokuwa hawajui ni namna ya kukisema mbele ya mtu aliyekula mbuzi wao.

Nikamwita Nasoro. Tukaijumlisha mahari ikawa mambo manne: kocha alale chuoni, auguse mpira kwa miguu yake, akimbie wanapokimbia, na Ijumaa iwe ya swala. Nasoro akataka kila mgeni apewe sharti litakalomshinda, tumalize. Nikamkatalia. Nikamwambia mahari ni moja kwa wachumba wote, la sivyo ni njama, na njama ni kazi ya bodi, tusiwapore. Kisha tukaenda kwa Mkuu kuomba ruhusa. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mnataka kuwahoji?"

"Tunataka kuwaposesha, Bwana Mkuu," akasema Nasoro.

"Ijumaa bado siku nne," akasema Mkuu. "Fanyeni mnavyojua. Lakini mwishoni nataka mikono. Bodi inaelewa mikono."

Nikavaa kanzu, kwa kuwa mshenga haendi na kaptura ya kazi, nikaenda kwanza Mombasa kwa Bwana Faraji. Alinikaribisha vizuri sana. Sharti la kwanza tu, kulala chuoni, lilimfanya atazame mlango wa chumba cha ndani, ambako mkewe alikuwa akikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Akaniambia kuna nafasi bandarini wanamwomba aichukue. Akaniagiza nimsalimie Daudi. Hakuuliza sharti la pili ni lipi. Mtu asiyeulizana bei hakuja kununua. Hilo nawaachia kama nilivyoachiwa.

Mwalimu Elia alikubali kulala chuoni bila shida. Kwa sharti la pili alisema, "Bila shaka," akavua koti, akaja uwanjani. Nikamtolea mpira mpya. Akautazama kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaupiga. Mpira uliondoka kwa pembe ambayo haimo katika mchoro wake wowote, ukapita juu ya stoo, ukashukia kwenye miba ya uani. Tulisikia ukifa. Mwalimu Elia akaniomba radhi, akaniambia amegundua moyo wake uko zaidi kwenye jiografia. Alikuwa muungwana yule. Aliajiriwa baadaye kufundisha jiografia, akaifundisha vizuri mno, na ubao akautumia ndani ya darasa.

Akabaki Sajini. Nilimkuta nyumbani kwao nje ya Kinango anatengeneza zizi la mbuzi. Nikamsomea mahari yote, mambo manne. Akaendelea kufunga kamba.

"Kulala chuoni, nakubali. Mpira, nakubali. Ijumaa nawapa. Jumamosi watanipa alfajiri."

"Alfajiri baada ya swala," nikasema.

"Baada ya swala. Lakini mapema."

"Na kukimbia?"

Akainua kichwa. "Na wao? Wao wananipa nini? Mahari inakwenda upande mmoja tu?"

Hapo, wanangu, moyo wangu ulitulia. Mtu akianza kukurudishia bei, amekwisha kuiona bidhaa mkononi mwake.

"Sema," nikamwambia.

"Nitakimbia nao mpaka Galu. Kurudi nitapanda baiskeli, nina goti. Nao kauli yao iwe hapa, kabla sijaingia. Nikishaingia, nani anacheza na nani anakaa nje ni langu. Hakuna kunyoosha mikono."

Tukashikana mikono. Akataka kunipa mtetea, nikakataa, maana mshenga akila pande zote mbili anavimbiwa. Maneno hayo nitayajutia hapo chini.

Ijumaa ikafika, tukakaa bwaloni. Safari hii kiti cha mbele kilikuwa kimoja. Mashimo matatu yalikuwa yameshachimbwa uwanjani, na miche ilikuwa imeshasogezwa kutoka ukutani kwangu. Nasoro hakuweza kukaa.

Bwana Daudi akasimama. "Mgombea mmoja si uchaguzi."

Mkuu akamgeukia. "Wiki iliyopita watatu walipata mikono yote, ukaniambia si uchaguzi. Leo ni mmoja, si uchaguzi. Hebu nielimishe, Bwana Mhasibu. Uchaguzi ni shemeji?"

Bwalo zima likacheka, na Bi Mwanakombo alicheka kwa sauti kutoka jikoni, na hapo ndipo ile heshima niliyoitaja mwanzo ilipotumika yote. Mkuu akauliza nani anamtaka Sajini. Mikono yote ikapanda, ile ile ya mwanzo, nikaihesabu mara mbili. Uwanja ukabaki uwanja.

Mbuzi wa pili ni huyu. Bi Mwanakombo alisema hatuwezi kuwaacha wachumba wawili waondoke kimya kama waliofumaniwa. Wakaitwa, wakala, wakapewa nazi za njiani. Bwana Faraji alipewa nazi nyingi kuliko mwenzake, kwa sababu alikuwa mtu mzuri sana. Kwenye chakula hicho nilimkalia Bwana Daudi ubavuni, nikamwambia miche yake ni mizuri na mimi ndiye niliyeilea. Akaanza na nusu ya uwanja. Nikaanza na nyuma ya choo. Tukakutana nyuma ya goli la kaskazini, na ndiyo mikorosho ile mnayoikuta hapo. Kila mpira unaopaa juu ya goli unaingia humo. Nyinyi mnailaani. Mimi nikiiona najua ningeweza kuikuta katikati.

Sasa mtaniuliza kama tulishinda. Mara tulishinda, mara tulifungwa, kama timu zote zenye watu kumi na mmoja. Tofauti ilikuwa moja, na hiyo ni gharama ambayo sikuiweka kule juu. Zamani tukifungwa tulikaa tukamsema kocha na aliyemleta. Sasa tulifungwa, tukakaa, tukatazamana.

Katika mechi ya kwanza kabisa ya Sajini, Nasoro aliwekwa nje. Nasoro! Aliyekwenda kwa Mkuu, aliyepigania kauli, aliyeniandama mpaka nikavaa kanzu. Alikuja dirishani kwangu na njumu safi ambazo hazijagusa nyasi, ameshikilia kana kwamba ni maiti.

"Mzee, huyu mtu hana macho? Nani alimchagua huyu?"

Nikazipokea njumu. "Kuna kijana mmoja wa Gazi," nikamwambia. "Mwembamba. Alinyoosha mikono miwili."

Akanuna siku mbili. Jumamosi alfajiri, baada ya swala lakini mapema, nilimwona wa mbele kabisa kwenye njia ya Galu, na Sajini nyuma yake akihema, wote wawili wakikimbia sawasawa na makubaliano.

Kwa hiyo jibu langu, kwa mlivyoniuliza, ni ndiyo. Anayekimbizwa anajua mambo ambayo mwenye kiti hayajui. Anajua kocha yupi anaugusa mpira. Lakini msihesabiwe mikono mbele ya mgeni, mtadanganya kwa adabu. Kaeni kwanza, pangeni mahari, iwe moja kwa wote, mtume mtu wa makamo anayejua kuulizana bei, na mkubali naye arudishe ya kwake. Mkishampata, nyamazeni mkimbie.

Ningeishia hapo, na mngeweza kulipeleka neno hili kwa bodi. Shida ni kwamba Jumamosi, nyinyi mkiwa mmeshaondoka, alikuja mwenyekiti wa bodi yenu mwenyewe. Aliacha viatu mlangoni kwa adabu, akauliza hali ya kila mtu nyumbani mpaka paka. Alileta halua. Nzuri, ya karafuu na iliki, bado ina joto. Akakaa palepale mlipokaa. Akaniomba niandike kwamba wachezaji wacheze na waajiri waajiri, kwa kuwa neno langu lina uzito. Nilikuwa na kipande kinywani. Nikamwambia ndiyo.

Basi na nyinyi mlipokuwa mmekaa hapo mkinywa chai yangu niliwaambia ndiyo, na yeye nimemwambia ndiyo, nami nimezihesabu hizo ndiyo, na ni mbili, na zote nilizisema kwa moyo mkunjufu. Halua imekwisha, kwa hiyo kurudisha haiwezekani. Nishaurini la kufanya. Lakini tafadhali msije wenyewe. Tumeni mshenga.